Ngiri iliyobeba kidole tumbo: mgonjwa anapata choo vizuri, lakini ndani kunaungua

Tabibu wa Zamu

Wakuu, salaam.

Kuna kauli naisikia sana wodini, kwa wagonjwa na hata kwa baadhi ya wenzetu wa afya: "Ngiri yake haijakaba, maana choo anapata na hewa anatoa." Kwa ngiri nyingi kauli hiyo ina ukweli wake. Utumbo ukibanwa kwenye tundu la kinena, njia ya chakula inaziba, tumbo linajaa, mtu anatapika na choo kinagoma. Lakini ipo ngiri moja isiyofuata utaratibu huo, na ndiyo nataka tuizungumze leo: ngiri ya kinena ambayo kidole tumbo kimeingia ndani ya mfuko wake.

Kidole tumbo hakiko kwenye njia kuu ya chakula. Kimechomoza pembeni, chini upande wa kulia wa tumbo, pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Ni uchochoro usiotokea upande wa pili: hata ukiwaka moto, magari yanaendelea kupita barabara kuu. Basi kidole kinabanwa, kinavimba, kinaoza, kinaweza hata kutoboka humo humo ndani ya mfuko wa ngiri, na mgonjwa asubuhi bado anaenda choo. Eksirei ya tumbo inaweza kutoka safi kabisa. Mtu anapewa dawa za maumivu, anarudi nyumbani, na usaha unaendelea kujikusanya kwenye kinena.

Kitabibu inaitwa ngiri ya Amyand. Si ya kila siku. Katika ngiri za kinena 100, kidole tumbo hukutwa ndani ya 1 hivi, na mara nyingi kikiwa kizima. Kidole kilichovimba ndani ya ngiri ni nadra zaidi, kwenye 1 kati ya 1,000. Lakini ngiri zenyewe ni nyingi mno kwetu, kwa hiyo daktari anayepasua ngiri kila wiki ajue kwamba siku moja atafungua mfuko na kukuta hicho.

Tuanze na Amyand mwenyewe, maana kisa chake kina mambo yote ndani yake.

Claudius Amyand alizaliwa Ufaransa katika familia ya Waprotestanti waliokimbilia Uingereza. Akawa daktari wa upasuaji wa Mfalme George II, na mmoja wa madaktari wa kwanza wa Hospitali ya St George's jijini London, iliyoanzishwa mwaka 1733. Mwaka 1735 aliletewa mtoto wa miaka 11, Hanvil Anderson. Mtoto alikuwa na ngiri ya kulia tangu utotoni, imeshuka hadi kwenye mfuko wa korodani, na juu ya hayo alikuwa na tundu kati ya korodani na paja lililokuwa likitoa uchafu na halikubali kupona. Amyand akaona kwamba tundu lile halitafunga bila kuishughulikia ngiri yenyewe. Tarehe 6 Desemba 1735 akampasua.

Ndani alikuta kidole tumbo kimekunjika na kutobolewa na pini. Pini! Mtoto alikuwa ameimeza, ikasafiri hadi kwenye kidole, ikaganda tabaka gumu mfano wa jiwe, ikatoboa ukuta. Kila Amyand aliposhika nyama zile zilizogandana, uchafu ulivuja mbele ya macho yake. Ikabidi akifunge kidole kwa uzi na kukikata. Kazi ilichukua karibu nusu saa, na mtoto alikuwa macho muda wote, kwa sababu hapakuwa na nusu kaputi. Etha, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846, zaidi ya miaka 100 baadaye. Amyand aliandika kwamba ilikuwa operesheni ngumu na ya kutatiza kuliko zote alizowahi kukutana nazo, na kwamba mtoto aliivumilia kwa ujasiri mkubwa. Hanvil alipona.

Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa operesheni ya kwanza iliyoandikwa ya kukata kidole tumbo na mgonjwa akapona. Ugonjwa wenyewe wa kuvimba kidole tumbo ulikuja kupewa jina lake na Reginald Fitz wa Boston mwaka 1886. Kwa hiyo Amyand alitibu ugonjwa ambao tiba ya zama zake haikuwa hata na namna ya kuuita. Aliingia kwa ajili ya ngiri, akakutana na jambo jingine, akaamua pale pale. Mpaka leo wagonjwa wengi wa ngiri hii hugunduliwa hivyo hivyo, mezani, mfuko ukishafunguliwa.

Kidole kinafikaje huko? Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake hushuka kutoka tumboni kupitia mfereji wa kinena, zikiandamana na kifuko cha utando wa tumbo. Njia hiyo inapaswa kujifunga. Isipojifunga, inabaki mlango wazi. Ndiyo maana ngiri hii huonekana zaidi kwa wanaume na kwa watoto, na karibu kila mara upande wa kulia, maana ndiko kidole tumbo kilipo. Kwa wengine mwanzo wa utumbo mpana haukushikamana vizuri na ukuta wa nyuma wa tumbo, kwa hiyo unacheza na kidole kinatembea nao.

Kikishaingia, kila mara mtu akikohoa, akinyanyua mzigo au akijikamua chooni, misuli ya tumbo inakibana kwenye shingo ya ngiri, pale penye tundu. Damu inapungua, kinavimba, kikivimba kinabanwa zaidi. Wapo wanaosema huo ndio mwanzo wa ugonjwa, na wapo wanaosema kidole huvimba kwa sababu zake za kawaida na kimetokea tu kuwa ndani ya ngiri. Kwa mgonjwa aliyelala mbele yako haibadilishi kitu: ni upasuaji.

Dalili sasa. Mtu mwenye uvimbe wa kinena wa kulia, aliyezoea kuusukuma ukarudi, siku hiyo haurudi. Unauma, ni mgumu, ukiugusa anaruka. Wengine wanasimulia kwamba maumivu yalianzia kitovuni yakashuka kinenani. Homa inaweza kuwepo au isiwepo. Kichefuchefu, hamu ya kula imekata. Ngozi ya juu inaweza kuwa nyekundu au ya moto. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo weka kiganja usikie joto na ulinganishe na upande wa pili. Na tumbo lenyewe? Laini. Hapo wengi ndipo wanapotezwa, kwa sababu shingo ya ngiri imefungia uchafu nje ya tumbo, na zile dalili za tumbo gumu tulizofundishwa darasani hazipo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayesoma: uvimbe wa kinena uliokataa kurudi na unauma, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Usijipime kwa choo.

Karibuni kwa maswali. Upande wa upasuaji wenyewe nitaueleza wachangiaji wakifika.

---

Mnazi Mrefu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi niko Mombasa. Huku pwani mtu akivimba sehemu hizo wote wanasema ni busha, na anaishi nalo miaka. Nitatofautishaje busha na ngiri?

---

Tabibu wa Zamu

Mnazi Mrefu, swali zuri, na kwa pwani yetu lina uzito wake, kwa sababu matende na mabusha yamekuwa ya huku miaka na miaka.

Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Daktari akikushika juu ya uvimbe kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vyake vinakutana: uvimbe una mwisho upande wa juu. Ngiri haina mwisho huo, vidole vinakutana na kitu kinachoendelea kupanda hadi tumboni. Ukikohoa, ngiri inamgonga mkononi, busha halimgongi. Kuna na kipimo cha tochi kwenye chumba chenye giza, maji yanapitisha mwanga. Lakini kwa mtoto mchanga tochi inadanganya, maana utumbo wake ni mwembamba na wenyewe unapitisha mwanga. Usimalize kazi kwa tochi kwa mtoto.

Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Nimeona mzee aliyeambiwa miaka yote ana busha tu, kumbe ngiri ilikuwa nyuma yake.

Jambo jingine kwa vijana: maumivu makali ya ghafla ya korodani yanaweza kuwa korodani imejisokota. Hiyo inahesabiwa kwa saa. Zikipita saa 6 nafasi ya kuiokoa inaanza kushuka haraka. Kijana asione haya kusema.

---

Mama wa Kichuguu

Daktari shikamoo. Mwanangu ana miezi saba, akilia upande wa kulia kwenye kinena panatokea kiuvimbe, akinyamaza kinaingia. Bibi yake anasema nifunge sarafu, kitapotea akikua. Nifanyeje?

---

Tabibu wa Zamu

Marahaba mama, na pole.

Sarafu watu hufunga kwenye kitovu, na ngiri ya kitovu ya mtoto nyingi hujifunga zenyewe hata bila hiyo sarafu. Ya kinena ni tofauti. Haijifungi. Na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatari ya kukaba ni kubwa kuliko kwa mtu mzima, kwa hiyo hatusubiri akue. Mpeleke kliniki ya upasuaji wa watoto apangiwe tarehe. Bibi umweleze kwa heshima kwamba daktari amesema hii si ile ya kitovu.

Operesheni ya mtoto ni ndogo: mfuko unafungwa juu kabisa unakoanzia na kukatwa, basi. Hatumwekei wavu, kile kitambaa cha kuimarisha ukuta wa tumbo tunachowawekea watu wazima, bado anakua. Kama ndani tutakuta kidole tumbo na ni kizima, kinarudi mahali pake au kinatolewa kulingana na kilivyo.

Wakati ukisubiri tarehe, angalia haya: uvimbe umetoka na hauingii hata akituliwa, ni mgumu, analia bila kunyamaza, anatapika, anakataa kunyonya. Likitokea lolote kati ya hayo usingoje asubuhi.

---

Kahawa Chungu

Kwetu wapo wazee wanaokanda ngiri kwa mafuta ya nyonyo, inarudi na mtu anaenda shamba. Nimewaona kwa macho yangu. Kwa nini madaktari mnapinga kila cha asili?

---

Tabibu wa Zamu

Kahawa Chungu, sikukatalii ulichokiona. Ngiri inayorudi yenyewe ukilala chali itarudi pia ukikandwa. Kesho ikitoka, iko pale pale, kwa sababu tundu halijazibwa.

Ninachoogopa ni siku ile isiyorudi. Fikiria ndani ya mfuko kuna kidole tumbo kilichovimba, ukuta wake umelainika, usaha umekizunguka. Mpaka hapo mwili umejitahidi, uchafu wote umefungiwa kinenani. Mtu anakuja na mikono yenye nguvu, anabonyeza. Kidole kinapasuka na usaha unasukumwa tumboni. Saa chache baadaye tumbo zima ni gumu, mgonjwa anatetemeka, presha inashuka. Aliyekuwa apasuliwe kinenani kwa mkato wa sentimita chache sasa anafunguliwa tumbo katikati, anaoshwa kwa lita nyingi za maji ya chumvi, na anaweza kumalizia ICU. Au asimalizie.

Hata sisi hospitalini haturuhusiwi kuisukuma ngiri iliyokaa masaa mengi, yenye homa na ngozi ya moto.

---

Afisa Tabibu Kijijini

Mkuu shukrani kwa uzi, umeshusha nondo. Mimi niko kituo cha afya, hakuna daktari wa upasuaji, ultrasaundi ipo lakini mpiga picha anakuja siku za kliniki tu. Mgonjwa wa namna hii akinijia usiku nimfanyie nini kabla ya rufaa? Na ultrasaundi itaonyesha nini hasa?

---

Tabibu wa Zamu

Mwenzangu, wewe ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye uzi huu.

Asile, asinywe. Dripu. Dawa ya maumivu mpe, ile hofu ya zamani kwamba utaficha ugonjwa haina msingi, na mtu anayeumia sana huwezi kumpima vizuri. Antibayotiki ya mshipa anza, inayopiga vijidudu vya utumbo pamoja na vile visivyohitaji hewa, mathalani seftriaksoni na metronidazo. Pima presha, mapigo, joto, sukari. Uliza mara ya mwisho uvimbe ulirudi saa ngapi, na uandike. Kisha piga simu unakompeleka, waambie "ngiri ya kulia isiyorudi, inauma, choo anapata". Usiandike "ngiri ya kawaida" kwenye barua kwa sababu tu anapata choo.

Ultrasaundi: mpiga picha anayejua anatafuta kitu chembamba na kirefu chenye ncha iliyofungwa, kinaanzia kwenye utumbo mpana na kuingia kwenye mfuko wa ngiri. Akikibonyeza kwa kifaa hakibonyei, na unene wake umezidi milimita 6. Ukuta ni mnene, na pembeni pana maji au mafuta yaliyovimba. Yote hayo yanategemea jicho na mkono wa aliyeshika kifaa. Siti skani inaonyesha wazi zaidi, unaona kidole kinavyotoka utumboni na kushuka kwenye mfereji wa kinena. Lakini mgonjwa aliyekaba hasafirishwi kilomita mia kwa ajili ya picha. Kinena kigumu kinachouma kinatosha kumpeleka mezani, na damu yenye chembe nyeupe za kawaida isikutulize.

---

Chale ya Bassini

Nami ni wa fani hii. Tuzungumze mezani sasa. Umefungua mfuko, kidole kiko ndani ni kizima kabisa, cha waridi. Mimi nakitoa kila mara. Kimeshajileta mkononi, nikirudishe cha nini? Kesho aje na kidole tumbo nimpasue tena?

---

Tabibu wa Zamu

Karibu sana mkuu, hapa ndipo penye mvutano wa kweli, na niseme wazi msimamo wangu: mimi kila mara sitoi.

Niwaeleze wasomaji kwanza tunachokiona. Ukishafika kwenye mfuko unaushika kwa koleo mbili, unaunyanyua, unahakikisha hakuna kilichoganda ukutani, ndipo unakata kidogo. Kinachotangulia ni maji, na maji yale yanaanza kukupa jibu kabla hujaona kitu kingine. Yakiwa meupe ya kupitisha mwanga, unatulia. Yakiwa ya mawingu, au yana harufu, unamwambia muuguzi aweke pembeni wavu, kwa sababu mpango umebadilika. Kisha unapanua na kumwona mgeni wako: ama kidole laini cha waridi chenye mishipa myembamba ya damu, ama kitu kilichonenepa, chekundu cha kuiva au cheusi nchani, kimevaa utando wa njano wa usaha, na mafuta ya tumbo yamekikumbatia.

Mwaka 2007 madaktari Losanoff na Basson walipendekeza mgawanyo wa aina nne ambao wengi wetu tunautumia. Aina ya kwanza kidole ni kizima. Ya pili kimevimba lakini ugonjwa haujatoka nje ya mfuko. Ya tatu usaha umefika tumboni. Ya nne kimevimba na tumboni kuna ugonjwa mwingine, labda uvimbe wa saratani.

Ya kwanza ndiyo tunayobishania. Operesheni ya ngiri ni safi. Ukikata kidole umefungua mlango wa utumbo, usafi ule umepungua, na wavu unaotaka kuuweka unaweza kuambukizwa. Na ili ukifikie hadi kwenye shina inabidi uuvute utumbo mpana, pengine upanue tundu lile lile uliloenda kulifunga. Kwa mzee wa miaka 65 naona faida haipo. Ninakirudisha taratibu na kuweka wavu. Kwa kijana hoja yako ina nguvu, miaka ya kuugua kidole tumbo bado iko mbele yake. Na mahali ambapo mgonjwa anaishi mbali na hospitali, hoja yako ina nguvu zaidi, hilo nakubali. Nikiona kimechubuka kwa kushikwashikwa, au shina lake limekuja lenyewe bila kuvuta, ninakitoa.

---

Chale ya Bassini

Sawa, tumeelewana nusu. Kushoto je? Maana ipo.

---

Tabibu wa Zamu

Ipo, kwa nadra. Waliozaliwa viungo vyao vimegeuka, moyo kulia na ini kushoto, au utumbo haukuzunguka inavyotakiwa, au mwanzo wa utumbo mpana unatembea mno. Hapo nakubaliana nawe moja kwa moja, kitolewe hata kikiwa kizima. Siku kikivimba maumivu yatakuwa kushoto, na daktari wa zamu hatawaza kidole tumbo hata kidogo.

---

Mvuvi wa Ziwa

Daktari hizo nyavu mnazosema ni zipi? Nimesikia Uganda waliweka chandarua cha mbu ndani ya watu. Ni kweli au maneno ya vijiweni?

---

Tabibu wa Zamu

Ni kweli, na ni kazi ya kujivunia kwa ukanda wetu. Ilifanyika Hospitali ya Misheni ya Kamuli, mashariki mwa Uganda, na matokeo yakatoka kwenye New England Journal of Medicine mwaka 2016. Wanaume 302 wenye ngiri za kinena waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa wavu wa kibiashara, wengine wavu uliokatwa kutoka kwenye kitambaa cha chandarua na kutakaswa kwa mashine. Baada ya mwaka ngiri ilirudi kwa mtu 1 katika kundi la chandarua, na hakuna katika lile jingine. Matatizo ya baadaye yalikuwa sawasawa. Wavu wa kibiashara ulikuwa wa dola zaidi ya 100, wa chandarua takriban dola 1.

Mtu asiende hospitali na chandarua chake cha nyumbani. Kile kilichunguzwa aina yake, hakina dawa ya mbu, na kilitakaswa kwa joto lililopimwa.

Na hata wavu huo haufai kwa aina ya pili na kuendelea. Penye usaha wengi wetu hatuweki kitu cha kigeni. Vijidudu vinajificha kwenye nyuzi na kidonda hakikauki mpaka wavu utolewe. Hapo tunakata kidole kupitia mkato ule ule wa kinena, tunaosha, kisha tunashona ukuta kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe: kwa njia ya Bassini wa Italia wa miaka ya 1880, au ya Shouldice wa Toronto, au ya Desarda wa India anayetumia ukanda wa utando wa msuli wa mgonjwa kuziba udhaifu. Wakati mwingine ukuta umevimba kiasi kwamba nyuzi zinakata nyama. Bora umalize hatari ya usaha leo, na ngiri ikirudi umwite baada ya miezi, kidonda kikiwa kimetulia, umwekee wavu wake.

Kwa aina ya tatu ni kufungua tumbo katikati au kwa upasuaji wa matundu kama vifaa na mtaalamu vipo. Kidole kilichotolewa kipelekwe maabara ya patholojia. Si mapambo ya sheria, mara chache hukutwa uvimbe ndani yake ambao jicho halikuuona.

---

Dada wa Pili

Na sisi wanawake?

---

Tabibu wa Zamu

Dada, kwenu ngiri ya kinena ni chache, na kwa mtoto wa kike mfuko unaweza kubeba hata ovari. Iliyo ya kuangalia zaidi kwa wanawake, hasa wa umri mkubwa, ni ngiri ya paja. Inatokea chini kidogo ya mkunjo wa kinena, ni ndogo ukubwa wa punje ya korosho, watu wanaidhania tezi. Tundu lake ni jembamba na gumu, kwa hiyo hukaba kirahisi. Nayo inaweza kubeba kidole tumbo. Mfaransa de Garengeot aliielezea mwaka 1731, miaka minne kabla ya Amyand. Tezi inayouma isiyo na kidonda mguuni wala sehemu za siri, omba daktari aipime vizuri.

---

Kijana wa Mizigo

Mkuu mimi nabeba mizigo sokoni. Ninayo ya kulia, inaingia na kutoka, haiumi. Nikipasuliwa nitakaa muda gani bila kazi? Maana nisipobeba sili.

---

Tabibu wa Zamu

Kijana, naelewa. Sasa hivi haiumi, na huo ndio wakati mzuri wa kwenda. Ukienda imetulia unapangiwa tarehe, unachomwa ganzi ya mgongo au hata ya pale pale kinenani, mara nyingi kesho yake uko nyumbani. Unatembea siku hiyo hiyo. Mizigo mizito tunakuomba uiache wiki 4 hadi 6. Ukisubiri ikabe na kidole kimo ndani kimeoza, muda wa kukaa bila kazi unaweza kuzidi hapo mara mbili, na gharama vivyo hivyo. Zungumza na wenzako wa kijiwe mapema, kama mna mfuko wa kusaidiana uombe zamu yako. Na kikohozi cha muda mrefu au choo kigumu vitibiwe kabla, ili mshono usivutwe.

---

Mnazi Mrefu

Swali la mwisho kwangu. Baba alipasuliwa ngiri ya kulia zamani. Sasa nikisoma uzi huu najiuliza, tutajuaje kama kidole tumbo chake kilitolewa au bado kipo?

---

Tabibu wa Zamu

Kovu la kinena halitakwambia, linafanana kwa wote. Nendeni hospitali alikopasuliwa mwombe nakala ya maelezo ya operesheni, faili likiwepo. Kama hakuna, hesabuni kwamba kidole bado kipo, na siku akipata maumivu ya chini kulia daktari aambiwe hivyo.

Kwa wanaokwenda kupasuliwa sasa: kabla ya kuruhusiwa, muulizeni aliyepasua alikuta nini ndani ya mfuko, kama kidole kilikuwemo kilirudishwa au kilikatwa, na kama wavu umewekwa. Aandike kwenye karatasi ya ruhusa. Pigeni picha ile karatasi muitunze kwenye simu za watu wawili nyumbani.